Rubisi ya Filamu

Kanazi, Ngara
4 Machi 2002

Mwanangu Josiane,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kizingitini, karatasi nimeiweka juu ya ungo na kuku wananizunguka wakidhani nina mtama. Sisi hatujambo. Maharage yameota, ila mvua inatupa na kutunyima kama mtu anayetania. Mguu wangu wa kushoto unauma kidogo, usiuwazie.

Nimesikia jambo limenikaa kifuani. Dereva wa lori la mihogo aliyetoka Biharamulo ameniambia amekuona umesimama mbele ya Boma, umevaa gauni la njano, umeshika mbuzi aliyevaa tai, na mtu anakupiga picha za sinema. Nikamwambia huyo si Josiane wangu. Josiane wangu nimempeleka kwa Bi Pili Yahaya kujifunza cherehani. Akasema, "Mama, ni yeye, ana lile pengo la jino la juu."

Sasa nijibu haya, na uyajibu yote. La kwanza, ni kweli? La pili, nani amekuruhusu? La tatu, Mwalimu Matiasi alikuandikia mwezi wa kwanza. Ulimjibu nini? Maana baba yake, mzee Telesfori, ameniambia baada ya Pasaka watakuja rasmi na mtungi wao wa rubisi, ile pombe ya ndizi ya kuposea. Mimi nimeshaanza kuchagua wanawake wa kupika. Nyumba ya Matiasi iko Nyamiaga, karibu kabisa na mjini, ina bati upande wote, hata jikoni. Na kazi ya ualimu haiozi kama ndizi.

Baba yako angekuwa hai ningenyamaza kama wanawake wengine. Hayupo. Aliyebaki wa kukutoa kwa mume ni baba yako mdogo Pancras, na Pancras unamjua.

Kula vizuri. Usilale na dirisha wazi.

Mama yako,
Petronila


Biharamulo
11 Machi 2002

Mama yangu mpendwa, shikamoo.

Barua yako imefika ikiwa na alama ya mguu wa kuku. Nimecheka. Mimi mzima, Bi Pili mzima, cherehani nzima.

Ni kweli, mama, lakini si kama unavyofikiri. Kuna kijana ametoka Dar es Salaam anaitwa Taufiki, anatengeneza filamu ya kuchekesha, shirika moja limemsaidia ili vijana wa kambi ya wakimbizi na wa vijijini wacheke pamoja. Alikuja dukani kwa Bi Pili kushonesha nguo ishirini na sita, zote za njano. Mbuzi naye alipimwa shingo. Nilipokuwa nampima, Taufiki akaniangalia sana, akasema, "Wewe uso wako haucheki hata ukicheka. Nakutaka." Ndivyo nilivyoingia. Bi Pili aliniruhusu.

Hadithi yenyewe ni ya kijana wa kambini na binti wa kijijini wanaotoroka kwa baiskeli, na kijiji kizima kinawafuata kwa mstari mmoja kama siafu. Taufiki hataki mtu acheke. Anataka useme "nakupenda" kama unayetangaza bei ya sukari. Kila mtu lazima asimame katikati kabisa ya picha, anapima kwa kamba. Nyumba tatu zimepakwa rangi ya waridi mpaka wenyewe wanapotea mlango. Polisi ni Bulugu, yule Msukuma mkubwa wa mashine ya kusaga, amepewa baiskeli ya mtoto, na haruhusiwi kusema neno, anaongea kwa filimbi tu. Juzi alimkamata mbuzi kwa filimbi, watu wazima walilala chini kwa kucheka, Taufiki akalia machozi kabisa kwa sababu tumemharibia.

Kijana wa kutoroka naye anaitwa Ndayisenga, anatoka kambi ya Lukole, ana kibali cha kutoka. Bibi yake Niragira naye yumo. Baba mdogo Pancras naye yumo! Yeye ndiye baba yangu. Na Bi Pili ndiye mama.

Kesho kutwa tunahamia huko Ngara kupiga picha karibu na kambi, kwa hiyo nitakuwa jirani. Kibandiko cha dawa ya mguu nimempa dereva.

Mwanao,
Josiane


Kanazi
19 Machi 2002

Josiane,

Dawa nimeipata. Asante.

Nilikuuliza mambo matatu. Umenijibu mawili, la tatu umelipitia pembeni kama mtu anayekwepa tope. Ulimjibu nini Matiasi? Ni swali la mstari mmoja. Umenieleza shingo ya mbuzi!

Halafu hili la Bi Pili kuwa mama yako. Bi Pili namheshimu, ni mwanamke mwema, watu wao walikuja na biashara kutoka pwani wakakaa na sisi vizuri. Lakini Bi Pili ana mwili wa sindano. Nani ataamini kwamba wewe na mabega hayo umetoka kwake? Kama walitaka mama, walishindwa kuuliza kama binti anaye? Niko hapa. Nina mabega.

Sasa tuongee vizuri. Huyo Ndayisenga. Simchukii mtoto wa watu. Na mimi nilivuka mto Ruvubu kutoka Burundi mwaka sabini na mbili nikiwa na miaka minane, mgongoni kwa mama, ingawa nilikuwa mkubwa wa kutembea, kwa sababu alisema nikishuka nitageuka kuangalia. Sikugeuka. Sijageuka mpaka leo. Hao wa kambini nao siku yoyote watarudi kwao, tayari nasikia watu wanaandikishwa kwa hiari, na huko risasi bado zinalia, tunazisikia jioni upepo ukivuma kutoka kule. Mtu wa kucheza naye filamu, haya. Mtu wa kumwangalia kwa muda mrefu, hapana.

Umekuja huku jirani siku ngapi sasa, na hujafika nyumbani hata kunywa maji. Njoo Jumapili ya Matawi.

Mama yako


Karibu na kambi, Lukole
2 Aprili 2002

Shemeji yangu Petronila,

Pole kwa shamba na heri ya Pasaka. Josiane hakuja Jumapili ya Matawi kwa kuwa tulikuwa na kazi nzito, usimlaumu, nilaumu mimi, maana hapa mimi ndiye mzee wa picha na bila mimi jua linazama bure.

Shemeji, ungeniona! Nimevaa koti la njano na kofia ndefu. Jumatano tulipiga picha ya posa. Taufiki alileta soda ndani ya mtungi, nikamwambia kijana, soda haina povu la heshima, hakuna mzee wa huku atakayekaa mbele ya soda akaonekana ni mkweli. Akaniuliza tufanyeje. Nikamwambia lete rubisi yenyewe, wazee wenyewe, mirija yenyewe. Bibi Niragira akapika, tena kwa mikono yake, ndizi zake za kubadilishana na mahindi ya mgao. Wazee wa kambini walikaa kushoto, wazee wa vijijini kulia, Taufiki akatupima kwa kamba. Bibi akaleta mtungi. Nikamuuliza Josiane kama inavyopasa, mbele ya wote, akajibu, nikaingiza mrija, nikanywa wa kwanza, wakafuata wengine mpaka mtungi ukakauka. Watu walipiga makofi ya kweli. Ilikuwa nzuri mno. Ilimstahili marehemu kaka yangu kabisa, angefurahi.

Nasikia filamu itaonyeshwa mpaka Mwanza.

Shemeji yako,
Pancras


Kanazi
8 Aprili 2002

Shemeji Pancras,

Nimesoma barua yako mara nne nikitafuta mahali ulipoandika kwamba unatania. Sijapaona.

Wewe ni mtoto wa huku. Ukikaa kwenye mkeka, wewe ndugu wa damu wa baba yake, ukamwita binti mbele ya wazee wa pande mbili, ukamuuliza tuinywe au waondoke nayo, akasema mnywe, ukanywa wa kwanza: umefanya nini? Nijibu wewe mwenyewe. Umemtoa! Kofia ndefu haibadilishi kitu. Koti la njano halibadilishi kitu. Ungekunywa soda ungekuwa umeigiza. Umekunywa rubisi, tena Jumatano ya Juma Kuu, mtu uliyebatizwa.

Jumamosi mzee Telesfori alikuja. Nilidhani amekuja kupanga siku, nikatandika mkeka mpya. Hakuukalia. Alisimama na fimbo yake akasema, "Petronila, dada yangu alikuwepo pale anauza ndizi. Amemwona binti yako akinywewa pombe ya watu wengine. Mimi mtungi wangu niulete wapi? Nije kuoa mke wa mtu?" Nikamwambia ni filamu. Akasema, "Wazee walikunywa kwenye filamu au walikunywa matumboni?" Mwanamke mzima nikabaki nakunja mkeka.

Sasa sikiliza. Utapika rubisi mtungi mmoja, utakwenda nao kwa huyo Niragira na wazee walewale, utasema mbele yao kwamba tumerudisha, nao watakunywa, yaishe. Na ufanye upesi, maana nasikia msafara wa kurudi Burundi unaandaliwa. Wakivuka rubisi yao ikiwa tumboni mwetu, tutairudisha kwa nani?

Nikisikia umeniletea habari za Mwanza nitakuja huko na mchi.

Petronila


Lukole
12 Aprili 2002

Shemeji,

Nimekuelewa na nimetetemeka. Lakini kurudisha haiwezekani kwa sasa. Taufiki anasema wazee wakionekana wanarudisha, watu wataanza kununa, na zimebaki siku tisa za picha akiwahitaji wakae wote kwenye mstari. Na Bibi Niragira sijui nitamwambia nini, kila asubuhi ananiita mkwe. Tumsubiri Taufiki amalize.

Shemeji yako anayekuogopa,
Pancras


Kanazi
14 Aprili 2002

Kwa Bwana Taufiki, mwenye filamu,

Hunijui. Mimi ni mama mzazi wa Josiane. Bi Pili ni wa kwenye filamu, mimi ni wa siku zote.

Sina ugomvi nawe, u mtoto kama wangu. Nimesoma mpaka darasa la nne, lakini najua kwamba watu wa michezo huandikiwa maneno kwenye karatasi, nao huyasema. Naomba hiyo karatasi yenye maneno ya siku ya rubisi. Nataka wazee wa Nyamiaga waone kwamba mwanangu alisema alichoandikiwa, hakutoa neno lake mwenyewe. Uchumba wa mwanangu unasimama au unaanguka juu ya karatasi hiyo. Mpe dereva yeyote anayepita Kanazi, aulize mama Josiane, wote wananijua.

Ukipata nafasi ya kula, kula. Josiane ameandika kwamba unalia machozi kazini.

Petronila


Lukole
17 Aprili 2002

Shikamoo mama,

Samahani sana kwa usumbufu. Sikujua mila za huku zinakwenda mbali hivyo; mzee Pancras aliniambia ni kwa ajili ya povu tu.

Maneno yote ya filamu niliyaandika mimi, nikiwa Dar es Salaam, kabla sijamjua binti yako. Naambatanisha ukurasa wa thelathini na moja, ndio wa posa. Una haki ya kuutumia upendavyo. Filamu yangu imepata matatizo tangu siku ile, mwisho wake umenivurugikia na sijui nitaumaliza vipi, lakini hayo si ya kukuchosha wewe mama.

Nakula, ahsante. Hakuna aliyeniuliza hilo tangu nifike.

Taufiki


Kanazi
23 Aprili 2002

Josiane,

Nakuandikia kwa hasira, ukishindwa kusoma mahali, vumilia, mimi nimevumilia zaidi.

Jana nilikwenda Nyamiaga kwa mzee Telesfori na karatasi ya Taufiki. Nilivaa kile kitenge cha harusi ya shangazi yako. Karatasi nilikuwa sijaisoma, herufi zake ni ndogo kama mchanga. Niliona neno baba na neno binti nikaridhika. Tena nilitaka isomwe na Matiasi mwenyewe, mbele ya baba yake, ili itoke kinywani mwake na asiwepo wa kusema Petronila ameongeza chumvi. Nilijiona nina akili sana.

Walikaa watano. Na yule dada yake mzee, wa ndizi. Nikasimama nikasema, "Wazee wangu, mtoto huyu alitumwa maneno kama anavyotumwa dukani. Mwalimu, wasomee."

Matiasi akasoma kwa ile sauti ya darasani. "Baba: Binti yangu, rubisi hii tuinywe au waondoke nayo? Binti, bila kucheka: Waondoke nayo. Baba: Fikiri tena. Binti: Waondoke nayo, na mtungi wao. Wazee wote wanafungua miavuli."

Dada mtu akasema, "Rudia hapo." Matiasi akarudia. Dada mtu akasema, "Mbona mimi nilikuwa nimesimama pale na beseni langu, nikamsikia kwa masikio haya akisema mnywe? Tena alisema kwa sauti!" Mzee mmoja akasema, "Kumbe karatasi ilimwambia akatae." Na mzee Telesfori akaniangalia, Josiane, hakunikasirikia. Alinionea huruma. Afadhali angenitukana.

Matiasi alikunja karatasi, akanirudishia kwa mikono miwili, akasema, "Asante kwa kuja, mama." Kisha akanisindikiza mpaka barabarani, akanibebea kikapu. Tulipofika akasema, "Mama, usimfokee. Barua yangu ya mwezi wa kwanza alinijibu. Aliniomba nisije. Mimi ndiye niliyemficha mzee, nikidhani atabadilika." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ulikuwa umefurahi sana."

Kwa hiyo Matiasi alijua. Pancras alikuwepo. Taufiki alijua. Mwuza ndizi alijua. Mtu aliyekuzaa alikuwa anachagua wanawake wa kupika.

Kwa nini ulisema mnywe? Safari hii usinieleze mbuzi.

Mama yako


Lukole
28 Aprili 2002

Mama, shikamoo.

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Najibu sasa.

Matiasi ni mtu mzuri. Nilimkataa kwa adabu. Nilikuficha kwa sababu kila ulipoandika ulikuwa unahesabu bati zake, na niliona nikikwambia nitakuwa nimekuezulia nyumba wewe.

Siku ya rubisi. Kwenye filamu binti anaikataa posa ya kijana anayempenda, eti kwa kuwa wameshapanga kutoroka na hataki baiskeli ipotee bure. Hapo ndipo pa kuchekesha. Tukapiga picha, nikasema waondoke nayo. Taufiki akasema turudie, kofia ya baba mdogo imepinda. Tukarudia, mbuzi akapita. Tukarudia, Bulugu akapiga chafya kwenye filimbi. Mara sita, mama. Na kila tukirudia, Bibi Niragira alikuwa anajitwisha ule mtungi, ana miaka sabini, anarudi nao mpaka kwenye mgomba, anauleta upya na uso uleule kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Mara ya sita aliutua polepole akashika kiuno. Na Ndayisenga akaniangalia. Niliona amechoka kukataliwa, hata kwa mchezo.

Mara ya saba baba mdogo alipouliza, nikasema mnywe. Taufiki akapiga kelele tusimame, nani amsikie? Mirija ilikuwa imeshaingia. Rubisi ikaisha, hakukuwa na nyingine ya kurudia, na filamu yake sasa ina watu wanaotoroka bila sababu.

Sikusema kwa ajili ya kiuno cha bibi peke yake. Nisingependa udanganyike tena.

Jina la bibi limo kwenye orodha ya msafara wa tarehe ishirini na tatu Mei. La Ndayisenga pia. Sijui nifanye nini. Naogopa kuja nyumbani, naogopa na kukaa.

Josiane


Kambi ya Lukole
3 Mei 2002

Petronila mwanangu,

Anayeandika ni mjukuu wangu lakini maneno ni yangu, nimemwambia asipunguze hata lile linalomhusu.

Pancras amekuja kwangu analia, amenieleza yote, amesema wewe una mchi. Nikamwambia, Pancras, ulidhani mimi sijui filamu? Nilijua ni mchezo. Miaka minane hapa naitwa kwenye foleni tu, foleni ya mahindi, foleni ya kuni, foleni ya kuhesabiwa. Nikaitwa kupeleka mtungi wa posa ya mjukuu wangu. Ningekataa? Ningeubeba hata mara ishirini.

Lakini binti alipobadili neno, hapo sikujua tena ni nini. Ukitaka kurudisha, njoo, nitainywa na sitakusema vibaya. Huyu mjukuu hana shamba, hana kibali cha kukaa kwenu, anakoroma, na ana aibu mno. Andika hivyohivyo, wewe. Tunaondoka tarehe ishirini na tatu, Imana akipenda. Nataka nijue kabla sijapanda gari.

Niragira


Kanazi
13 Mei 2002

Josiane mwanangu,

Nimefika Lukole. Siku ile ulikuwa umerudi Biharamulo kwa Bi Pili, nami nilijua, ndiyo maana nikaichagua. Nilitaka nione watu bila wewe katikati.

Nilichukua rubisi kibuyu kimoja, yangu, niliyopika mwenyewe. Nilikwenda kurudisha. Nakueleza ukweli. Njia nzima nilikuwa najifunza maneno ya kurudisha, mpaka mtu mmoja njiani akaniuliza kama ninaumwa.

Nilimkuta Niragira anapepeta mahindi. Alinitazama mabega, akasema, "Huyu ndiye." Basi. Tukakaa. Nikamwomba amwite kijana.

Ndayisenga alipiga goti, akaamkia, akakaa mbali kidogo. Nikamuuliza, "Utavuka?" Akasema, "Nitavuka, mama. Siwezi kumwacha bibi apande gari peke yake." Nikamuuliza, "Na binti yangu?" Akasema, "Simchukui. Siwezi kumpeleka mahali ambapo mimi mwenyewe sijui kama nyumba ipo. Nitamfikisha bibi, niangalie, na nikiweza kurudi, nitarudi nije kwako kwa miguu yangu nikuulize. Nisipoweza, asinisubiri."

Jibu hilo liliniudhi, Josiane. Nilikuwa nimejiandaa kwa kijana mwongo. Mwongo ningemmaliza pale pale. Huyu alisema maneno ambayo mimi ndiye niliyetaka kuyasema, akanibakiza na kibuyu mkononi.

Sikurudisha. Wala sikukubali, usinielewe vibaya, usianze kushona kitu. Nilimwambia Niragira: rubisi ile ya Pancras siirudishi na siihesabu, nimeiacha hapo ilipo. Hii ya kwangu ni ya mwenye safari. Tukainywa wawili. Aliniuliza Ruvubu nilivukia upande gani, nikamwambia, akasema anapajua, kuna mawe makubwa matatu. Sikuwa nimekumbuka mawe mpaka alipoyataja. Nililia kidogo, naye akaendelea kupepeta mahindi ili nisione aibu.

Taufiki nimemkuta amekaa juu ya sanduku. Ameniuliza kama ningependa kuingia kwenye filamu, anatafuta mwisho. Nikamwambia autafute kwingine.

Tarehe ishirini na tatu watapanda magari asubuhi. Nenda ukawaage, sikukatazi. Kaa upande wa huku wa barabara. Ukimaliza njoo nyumbani siku ileile, usilale njiani, usimtume dereva na barua. Barua tumeandikiana za kutosha, na kila moja ilikuwa na mahali pa kujifichia, hata zangu. Nilikuwa naandika habari za bati kwa sababu naogopa mto.

Ukifika usianze na salamu ndefu. Kaa hapa kizingitini. Nitakuuliza unachotaka, swali hilo tu, kisha nitanyamaza mpaka umalize kujibu, hata likinichoma vipi.

Mama yako,
Petronila